SPEA ZA INJINI YA DIZELI YA ZAMANI: USINUNUE KABLA HUJASOMA HAPA (mfano: Toyota 2L, 3L na 5L)



Kuna swali haliishi: "Nina Hiace ya 3L, inakula oili na kutoa moshi wa bluu, fundi anasema tushushe injini. Spea za uhakika nazipata wapi?" Wengine wana Hilux ya shamba, wengine gari la kubebea maji, shida ni ile ile. Wengi wa wenye magari haya wanayaendesha kwa ajili ya mkate, sio kwa anasa. Gari likilala gereji miezi miwili, marejesho ya mkopo hayalali. Na injini ikifungwa kwa spea mbovu, baada ya wiki tatu unarudi pale pale, safari hii mfuko ukiwa umetoboka.

Basi nimekusanya hapa mambo ya msingi ili mtu akienda dukani awe na pa kuanzia. Mfano wangu ni familia ya L ya Toyota, yaani 2L, 3L na 5L, kwa sababu ndizo zimejaa barabarani kwetu. Mwenye Land Cruiser mkonga ya 1HZ au Isuzu naye asome, kanuni ni zile zile.

1. IJUE INJINI ULIYONAYO, SIO ULIYOAMBIWA

Kosa la kwanza ni kwenda dukani na kusema "nataka pistoni za Hilux". Hilux ipi? Kwa nje bloku za 2L, 3L na 5L zinafanana kama ndugu, ila ndani ni hivi:

- 2L: cc 2446, kipenyo cha silinda mm 92.0, mwendo wa pistoni mm 92.0
- 3L: cc 2779, kipenyo mm 96.0, mwendo mm 96.0
- 5L: cc 2986, kipenyo mm 99.5, mwendo mm 96.0

Magari haya yana umri mkubwa na mengi yameshabadilishwa injini. Chasisi inayoanza na LN (Hilux) au LH (Hiace) inakwambia tu kwamba gari lilitoka kiwandani na injini ya familia ya L. Haikwambii kilichomo leo. Kwa hiyo soma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe. Futa grisi kwa brashi na dizeli, ipige picha kwa simu, tembea nayo.

Angalizo kwa wenye 2L: ile ya mwanzo iliyotumia roka na ile iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1980 zina hedi tofauti. Ukinunua gasketi au valvu bila kujua yako ni ipi, umenunua mapambo ya dukani kwako.

2. FUNGUA, OSHA, PIMA, NDIO UNUNUE

Huu ndio moyo wa habari yote. Fundi anayekupa orodha ya spea kabla injini haijafunguliwa anakisia, na kukisia kwake unalipia wewe.

Utaratibu sahihi ni huu. Injini inafunguliwa, inaoshwa, halafu bloku, krankshafti na hedi zinapelekwa kwa watu wa mashine wenye maikromita na geji ya kupimia silinda. Wakupe majibu KWA MAANDISHI:

- Kila silinda imelika kiasi gani, juu, katikati na chini, na imekuwa yai au bado duara.
- Jeno za krankshafti zina kipimo gani, na kama krankshafti imepinda.
- Hedi imepinda kiasi gani na ina nyufa au haina. Hedi za familia hii zikipata joto kali hupasuka, hasa kati ya valvu na valvu, kwa hiyo zipimwe kwa presha ya maji au kwa dawa ya kuonyesha ufa. Macho peke yake hayatoshi.

Majibu hayo ndiyo yanaamua ununue nini. Silinda ya 3L ikibaki ndani ya kipimo cha kitabu, unaweka ringi za STD. Ikiwa imelika, inatobolewa na unanunua pistoni na ringi za saizi ya juu, kwa mfano 0.50, maana yake silinda sasa ni mm 96.50. Lakini sikiliza: pistoni zinunuliwe KWANZA, zipelekwe kwa mtu wa mashine, azipime moja moja, ndipo atoboe silinda kwa kufuata pistoni zilizopo mkononi. Ukitoboa kwanza halafu ukakuta mjini hamna saizi hiyo, bloku imeshaliwa na chuma hakirudi.

Kwenye krankshafti hesabu ni kinyume. Ikichongwa inapungua, kwa hiyo beringi zinakuwa nene zaidi: 0.25, 0.50 na kuendelea. Na hata beringi za STD za Toyota zina madaraja. Kuna vitarakimu vimegongwa kwenye bloku na kwenye krankshafti, fundi anavisoma ili achague beringi inayolingana. Fundi asiyejua hilo anatumbukiza yoyote, halafu mnaanza kutafuta mchawi presha ya oili inaposhuka.

3. JIFUNZE KUSOMA NAMBA YA SPEA

Jina la spea linadanganya, namba haidanganyi. Namba ya Toyota ina tarakimu 10, tano halafu tano. Tano za mwanzo zinasema ni kitu gani:

- 11101: hedi
- 11115: gasketi ya hedi
- 04111: seti nzima ya gasketi
- 13101: pistoni
- 13011: ringi
- 13041: beringi za konrodi
- 13568: mkanda wa taimingi
- 15100: pampu ya oili
- 16100: wota pampu
- 19850: plagi za kupasha
- 23620: nozeli

Tano za mwisho zinasema ni ya injini gani na toleo gani. Kwa spea nyingi za familia ya L utaona zinaanza na 54, kwa 1HZ utaona 17. Ukienda kununua gasketi ya hedi ya 3L ukapewa boksi la 11115-17 na kitu, rudisha bila ubishi.

Namba yako unaipata kwa dila akiingiza namba ya chasisi, au kwenye tovuti za katalogi kama Amayama na Partsouq. Ila kama injini ilishabadilishwa, mwambie dila ni injini gani, asikutafutie ya chasisi. Namba za zamani pia hubadilishwa na kiwanda, kwa hiyo ukiambiwa "hii ndiyo namba mpya ya ile", omba uonyeshwe kwenye katalogi.

Halafu mwambie fundi akuandikie NAMBA, sio majina. Orodha ya "ringi, beringi, gasketi" inamruhusu yeyote akuuzie chochote.

4. MADARAJA MANNE YA SPEA

a) *Orijino ya Toyota*: imo kwenye boksi la Toyota. Bei juu, uhakika juu.

b) *Ya kiwanda kile kile*: Toyota haitengenezi kila kitu. Pampu ya dizeli, nozeli na plagi za kupasha ni Denso. Wota pampu na pampu za oili nyingi ni Aisin. Ringi ni Riken, NPR au TPR. Beringi ni Taiho, Daido au NDC. Sili ni NOK. Vitu hivi vikiuzwa kwenye boksi la kiwanda chake, ubora ni wa kuaminika na bei inapungua. Hapa ndipo mwenye akili ananunua.

c) *Mbadala wenye jina*: viwanda ambavyo havimuuzii Toyota kitu hicho lakini vina heshima yao. Mfano ni AMC ya Hispania kwenye hedi na GMB kwenye wota pampu. Spea za namna hii zimebeba injini nyingi.

d) *Feki*: hii imevaa jina la wengine. Sio kwamba kila cha China ni feki, tuelewane. Kiwanda cha China kinachoweka jina lake mwenyewe kwenye boksi hakijakudanganya, unaweza kuamua kukiamini au la. Feki ni yule anayeandika Denso wakati sio Denso. Na kumbuka Denso iliacha jina la Nippondenso mwaka 1996. Ukiuziwa kitu "kipya kabisa" chenye boksi jeupee limeandikwa Nippondenso, uliza kimekaa stoo tangu lini.

5. WAPI UBANE NA WAPI USIBANE

Hela haitoshi, tunajua. Basi igawe hivi.

USIBANE: beringi, ringi, pistoni, gasketi ya hedi, pampu ya oili, nozeli, mkanda wa taimingi pamoja na tenshona yake. Mkanda ukikatika kwenye injini hizi, valvu na pistoni zinagongana na ovahali yote inakuwa kazi bure. Kitabu kinataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na magari mengi yana taa ya T-BELT kwenye dashibodi kwa kazi hiyo. Ile taa isitolewe balbu!

USIBANE KABISA: pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya altaneta. Injini ya dizeli haina vakyumu ya kutosha kwenye manifoldi kama ya petroli, kwa hiyo ni hii pampu inayolisha busta ya breki. Ikifa, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Fikiria hilo ukiwa unateremka Kitonga na abiria 14 nyuma. Watu wengi wakibadilisha altaneta wanaangalia chaji tu, wanasahau kuwa wamebadilisha na breki. Kagua pia paipu yake ya oili na hosi ya vakyumu.

UNAWEZA KUPUNGUZA: hosi za rejeta, maunti za injini, feni belti, wota pampu. Chukua mbadala wenye jina.

MTUMBA UNAKUBALIKA: bloku, krankshafti, konrodi, sampu, bracketi na makava, ili mradi vipimwe kama tulivyosema. Chuma cha Mjapani kilichotumika vizuri kinaweza kukishinda chuma kipya cha asiyejulikana.

USINUNUE MTUMBA: ringi, beringi, gasketi, sili, mkanda na boliti za hedi zilizovutika. Boliti za hedi kwenye injini hizi hukazwa kwa nguvu maalumu halafu zinazungushwa robo duara mara mbili, kwa hiyo zinavutwa kila zinapokazwa. Zipimwe, zikizidi kipimo zitupwe.

6. GASKETI YA HEDI INA SIRI YAKE

Hii inawaumiza wengi. Gasketi ya hedi ya dizeli haiji kwa unene mmoja. Kwenye familia ya L unene unatofautishwa kwa herufi: B, D na F, kutoka nyembamba kwenda nene. Fundi anapima kwa dayo geji pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku, kisha anachagua. Ukiweka nyembamba kuliko inavyotakiwa, pistoni inaweza kugusa hedi au valvu. Ukiweka nene, kompresheni inashuka, asubuhi gari linawaka kwa kuomba dua na moshi mweupe unajaa mtaani.

Kwa hiyo ukinunua seti nzima ya gasketi dukani kabla ya kupima, gasketi ya hedi iliyomo ni bahati nasibu. Uliza herufi.

7. UKIWA KAUNTA

Usione haya kukagua, hela ni yako.

- Angalia maandishi ya boksi. Herufi zilizofifia, makosa ya tahajia na lebo iliyobandikwa juu ya lebo ni dalili mbaya.
- Namba ya kwenye boksi ilingane na iliyogongwa kwenye spea, pale inapokuwepo.
- Nenda na spea ya zamani. Linganisha uzito, idadi ya matundu, rangi ya chuma. Beringi feki mara nyingi ina kingo zenye makovu.
- Nenda na venia. Pistoni unaipima hapo hapo.
- Thamostati ina joto limechapwa. Nyumbani itumbukize kwenye sufuria ya maji na kipimajoto uone kama inafunguka karibu na hapo.
- Plagi za kupasha: magari haya yametumia plagi za volti tofauti, kuna za karibu volti 6 zinazoongozwa na relei na kuna za karibu volti 11 au 12. Umbo linafanana! Ukiweka ya volti ndogo kwenye mfumo wa volti 12 wa moja kwa moja, inaungua kabla hujazoea kufurahi.
- Dai risiti ya EFD yenye namba ya spea. Mashine hizi zipo Tanzania tangu 2010, hakuna sababu ya kupewa karatasi ya daftari. Bila risiti huna pa kusimamia ukirudisha mali.

Ukiuziwa feki, kwa Tanzania mlango wa kugonga ni Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inasimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Kenya kuna mamlaka iliyozaliwa na sheria ya kupambana na bidhaa bandia ya 2008. Weka risiti, boksi na spea yenyewe.

8. WAPI PA KUNUNUA

Dila wa Toyota: anza kwake hata kama hununui, upate namba sahihi na bei ya juu ya kulinganishia. Na sio kila kitu chake ni ghali. Sili na vitu vidogo vidogo wakati mwingine vinakaribiana na bei ya mtaani.

Kariakoo na Gerezani kwa Dar, Kirinyaga Road kwa Nairobi: huko kuna kila daraja, kuanzia la kwanza mpaka la nne, wakati mwingine kwenye rafu moja. Tafuta muuzaji anayekuuliza namba ya injini kabla ya kutaja bei. Anayekujibu "ipo, njoo" kabla hujamaliza sentensi, muogope.

Dubai na Sharjah: ndugu au rafiki akienda anaweza kuleta, hasa pistoni na hedi. Ila piga hesabu ya usafiri na ushuru, na ujue kurudisha ni ndoto. Huko nako feki zipo.

Injini nzima ya mtumba: hii ni njia ya mkato kwa wenye haraka. Isikilize ikiwaka kama inawezekana, ipimwe kompresheni silinda zote, fungua kifuniko cha oili uone kama kuna tope la maziwa, ishara ya maji kuingia kwenye oili. Kumbuka namba ya injini imo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo mabadiliko yafike TRA kabla trafiki hajayagundua yeye. Dai na hati ya mauzo, usije ukanunua injini ya gari la wizi.

9. SUALA LA FUNDI NA "CHA JUU"

Tuseme ukweli. Fundi analipwa kidogo kwa ufundi, kwa hiyo anafidia kwenye spea. Duka linalompa cha juu kikubwa mara nyingi ndilo linalouza daraja la nne. Dawa sio kumtukana fundi. Dawa ni kumlipa ufundi wake vizuri, mkubaliane mapema, halafu mwende dukani PAMOJA: yeye anakagua, wewe unalipa. Spea za zamani zote zirudi kwako kwenye gunia.

Na maboksi matupu? YACHANE. Usiyatupe yakiwa mazima nje ya gereji. Boksi zima la orijino ni mtaji wa mtu wa feki, linaokotwa leo, kesho linauzwa likiwa na kitu kingine ndani.

10. USIIUE INJINI MPYA KWA MAMBO YA ZAMANI

Spea nzuri haziokoi injini iliyofungwa bila kutafuta nini kiliiua ya kwanza. Rejeta ilikuwa imeziba? Isafishwe au ibadilishwe kabla ya kuwasha. Matundu ya oili kwenye bloku na krankshafti yalioshwa? Vumbi la kutobolea silinda likibaki ndani, beringi mpya zinaliwa siku hiyo hiyo.

Mafuta nayo. Pampu ya dizeli ya injini hizi inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni nyepesi, inasaga pampu na nozeli taratibu. Mchezo huo ulikithiri Tanzania hadi vinasaba vikaanza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010. Jaza kituo unachokiamini, mwaga maji ya kwenye chujio, usinunue dizeli ya madumu kwa kuvutiwa na punguzo.

Oili ya kwanza imwagwe mapema, kilomita kama 1,000, pamoja na chujio. Ikate ile chujio uangalie ndani. Ukiona vipande vya chuma vinang'aa, simama hapo hapo, usingoje injini inoki.

KWA UFUPI: namba ya bloku, vipimo kwa maandishi, namba ya spea, risiti, boksi lichanwe. Mambo matano tu. Yanachukua siku tatu au nne zaidi, lakini ndizo siku zinazoamua kama Hiace itamaliza mkopo au mkopo utaimaliza Hiace.

Wadau wenye uzoefu wa 1HZ, Isuzu 4JA1 na nyinginezo, uwanja ni wenu hapo chini. Tusaidiane, matusi hapana. Nawasilisha.